Lebo Iliyoshonwa Vizuri Mno

14 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka karakanani. Sisi wazima. Mama naye mzima, ila magoti yamegoma kabisa: akishakaa hanyanyuki mpaka mtu amshike makwapani. Mdomo wake lakini haujagoma. Jana kamtoa jasho fundi wa umeme kwa ajili ya waya mmoja tu. Shangazi bado hasemeshani na jirani yake kuhusu ule ukuta, na siku hizi hata wao wenyewe hawakumbuki nani alianza. Wifi yangu hajambo? Mwambie habari ya mimba nimeipata, nimefurahi mpaka machozi yamenitoka.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Unajua ya hapa tunaiweka spika ili mama asikie, na akisikia mama, wamesikia mafundi wote. Haya ninayoyasema sitaki ayasikie.

Kazi imekufa, mdogo wangu. Wale wakubwa wawili wa dunia wamegombana tena, na safari hii wanachapana kwa kutumia migongo yetu. Unakumbuka baba, Mungu amrehemu, alivyowabatiza akisikiliza redio: Domo, kwa kuwa anaongea kutwa, na Kimya, kwa kuwa husikii neno lake mpaka meli imeshapakiwa. Wewe unaishi kwa Domo, basi usinune nikimsema.

Miaka yote tunanunua kitambaa na zipu kwa Kimya, tunashona mabegi ya shule, tunauza kwenye maduka ya Domo. Hakuna aliyelalamika. Sasa Domo kaweka ushuru kwenye kila kitu cha Kimya, na wakala wa maduka yake ananiandikia kuwa begi letu nalo ni la Kimya, kwa sababu kitambaa ni cha Kimya. Nikamjibu: kwa hiyo mkate wangu ni wa jirani kwa kuwa unga nilinunua kwake? Mpaka leo kanyamaza. Na Kimya naye, usimwone mpole vile, kazuia kitambaa chetu bandarini kwa kuwa waziri wetu alikwenda kwenye mkutano wa Domo akapigwa picha anacheka. Alichekeshwa na nini, sijui. Ninachojua ni kwamba kicheko chake nakilipia mimi.

Mashine nimezifunika mashuka. Kila asubuhi mama anauliza mbona hazilii, nami namwambia tunasubiri uzi. Karakana hii kaijenga kwa vidole vyake, na akijua inafungwa hatadumu. Hilo ndilo linaloniondolea usingizi.

Wewe uko huko kwao. Wanasemaje? Domo ana mpango wa kunyamaza lini?

Dada yako


22 Februari

Dada, shikamoo.

Barua imefika imelowa kona moja lakini matusi yote yanasomeka. Sisi tunaendelea. Wifi yako kichefuchefu hakimwachi, na bado anasimama kaunta ya duka la mikate kutwa nzima. Nikimwambia apumzike ananiuliza pango atalipa nani, nami nafunga mdomo. Mpe pole mama. Mkande magoti wewe, usimwachie akande mwenyewe, atakudanganya kwamba kashakanda.

Sijanuna. Ila usidhani huku watu wanakula raha. Mwenye nyumba wangu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha viatu, kikafungwa kwa sababu vya Kimya vilikuwa rahisi mno. Domo akiongea redioni, mzee anapiga meza kwa furaha. Siku moja nikaigeuza ile redio nimwonyeshe imetengenezwa wapi. Hakunisemesha mpaka siku ya pango. Wote ndivyo walivyo, dada. Wanamtukana Kimya wakiwa wamevaa shati la Kimya, na Kimya naye, wanasema, akiba yake kaiweka kwenye benki za Domo. Kuachana hawawezi. Wanachoweza ni kugombana kwa sauti, sisi majirani tusilale.

Mimi nimehamishwa, sibebi tena mizigo. Hapa ghalani wameanzisha kitengo cha ukaguzi, maana tangu ushuru uanze bidhaa za Kimya zinapitishwa kwenye nchi nyingine, zinabadilishwa jina, zinaingia huku kama wageni wa heshima. Msimamizi alisikia nimelelewa karakanani, akanipa makoti mawili. Nikayageuza pindo, nikamwambia haya yametoka kwenye mashine moja hata kama lebo zinasema nchi mbili. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita Pua.

Ameniahidi mkataba wa kudumu. Bila huo, kibali changu cha kuishi kinakwisha mwisho wa mwaka, na mtoto atakuja duniani hatujui tunalala wapi. Kwa hiyo usiniulize Domo atanyamaza lini. Kwa sasa kelele zake ndizo zinazonilisha.

Mdogo wako


3 Aprili

Pua wa dada,

Marahaba. Wifi asisimame sana, mwambie nimesema mimi. Paa la jikoni limeanza kuvuja tena pale pale ulipoziba wewe, tumekusema sana.

Tumepata kazi! Alikuja bwana mmoja kavaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba, mafundi wakambatiza Bwana Miwani. Ana mabegi, kontena kwa kontena, yanataka kumaliziwa. Usiniulize kumalizia nini. Kumalizia ni kumalizia: hapa unakata, pale unaongeza, unafunga boksi, linaondoka.

Mashine nimezifunua, mafundi wote niliowaachisha wamerudi, na kelele zao zimerudi pamoja nao. Ungemwona mama! Nilitaka kazi yote ipite kwenye mashine, akakataa katakata. Kasema cha mwisho kinashonwa kwa mkono, karakana hii haijawahi kufanya vingine, na anayetaka vingine akatafute karakana nyingine. Bwana Miwani akacheka, akasema fanyeni mtakavyo. Basi mama kakaa kwenye kiti chake na sindano toka asubuhi, anaimba. Nimemshonea na mto mpya wa kukalia, nimeujaza vipande laini tulivyokata, na kila ukibonyea naongeza. Anasema hajawahi kukaa mahali pazuri hivi.

Na hiyo pua yako, mdogo wangu, ni ya kazini. Usiilete nyumbani.

Dada yako


11 Juni

Dada, shikamoo.

Nimekawia kwa sababu nilikuwa natafuta njia ya kutoiandika barua hii. Wifi yako mzima, tumbo sasa linafika mlangoni kabla yake.

Wiki iliyopita nilifungua boksi. Mabegi ya shule, ya bluu. Lebo inasema yametoka kwetu, jina la nchi yetu zima zima. Nikafurahi, nikajisemea hawa ni watu wangu. Kisha nikalishika begi lenyewe. Mshono wa mikanda unarukaruka, nyuzi zinaning'inia kila upande, kazi ya kiwanda chenye haraka. Mshono huo naujua, nauona kila siku, ni wa kwa Kimya. Nikageuza lebo.

Lebo ilikuwa imeshonwa kwa mkono. Pembe zote zimelala, hakuna mkia wa uzi hata mmoja. Nikapitisha ukucha ndani ya pindo, pembe ya mwisho, kwa chini, na fundo lilikuwa pale pale. Unajua ni wapi. Mimi na wewe tumegongwa vidole na mama kwa rula mpaka tukapajua. "Mkia ni wa ng'ombe!" Nani mwingine anasema hivyo duniani?

Nililifunga boksi nikalisukuma kwenye yaliyokaguliwa. Nilikuwa na hasira, hata mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nakuuliza swali moja tu, na usinizungushe: lebo zinashonwa na nani?

Mdogo wako


28 Julai

Dada,

Nilikuuliza swali. Nimepiga simu, ukasema mtandao mbovu, na nyuma yako namsikia mama anasema mbona anasikika vizuri tu.

Nijibu.


15 Agosti

Kwako mkaguzi,

Kwenye ile karatasi yako ya mwisho sikuona salamu, basi na mimi sitoi. Hukuuliza magoti ya mama. Hukuuliza paa. Umeuliza lebo.

Zinashonwa na mama. Haya, umeridhika? Mabegi yanakuja yameshashonwa huko kwa Kimya. Sisi tunakata lebo yao, tunashona yetu, yanaondoka kwenda kwa Domo yakiwa raia wa hapa. Na mama hajui. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, anashona kwa kupapasa. Nimemwambia mabegi yanatoka kwenye karakana yetu ya pili, tumeifungua upande wa pili wa mji. Alifurahi huyo! Anawaombea dua mafundi wa huko, kisha anawasema kwamba mshono wao ni mbovu mno na magoti yakipona atakwenda kuwanyoosha.

Usinitolee macho. Nani mwongo hapa? Tulipokuwa tunashona kweli, kwa jasho letu, Domo alisema begi si letu. Sasa hatushoni kitu, anasema ni letu, karibuni sana. Kimya anaapa hajui lolote, na kontena zinatoka kwenye geti lake mchana kweupe. Waziri wetu kaja kukata utepe, kapigwa picha nyingine anacheka. Wote wanajua! Wote! Halafu wewe unaniletea macho ya polisi mimi, niliyebaki na mama, nikimnyanyua kila jioni, wakati wewe uliondoka ukisema unakwenda mwaka mmoja tu?

Siachi. Nikiacha, karakana inafungwa, na mama nitamzika na cherehani yake. Wewe geuza uso pembeni kama wanavyogeuza wenzako. Hicho tu nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako, ukipenda


5 Septemba

Dada, shikamoo, hata kama huitaki.

Mtoto amezaliwa. Wa kike, mzima kabisa, ana sauti ya mama na hasira zako. Wifi yako anaendelea vizuri, anawasalimu.

Habari njema imeishia hapo. Jana msimamizi alituita wote, akaweka begi la bluu mezani. "Angalieni," akasema, "nimefanya kazi hii maisha yangu yote, sijawahi kuona lebo iliyoshonwa vizuri kuliko begi." Watu wakaangua kicheko. Akasema aliyeshona begi hili hawezi kuwa ndiye aliyeshona lebo hii, basi hapa kuna mikono miwili na nchi mbili. Lebo ingekuwa ya ovyo kama begi, asingeligusa.

Umeelewa, dada? Mmekamatwa kwa kushona vizuri! Dunia nzima watu wanabadilisha lebo, wanabandika kwa gundi, zinapita. Sisi tu ndio tunaoweza kudanganya huku tukikunja pembe na kuficha fundo, eti karakana hii haijawahi kufanya vingine. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Kisha akanigeukia mimi. "Pua, wewe ni wa huko. Unaujua mkono huu?" Sitakuandikia nilimjibu nini. Bado niko kazini, hilo tu ulijue.

Anatafuta begi lingine la namna ile ndipo apeleke habari juu. Akilipata, watu watatumwa mpaka mlangoni kwenu. Acha, dada. Nakuomba. Kama huwezi kuacha, lebo zipitishe kwenye mashine, zipinde, ziachie nyuzi. Au mwambie mama ashone vibaya. Nimeiandika hiyo sentensi nikaona aibu, lakini mwambie.

Mdogo wako


20 Oktoba

Mdogo wangu,

Hongera ya mtoto. Mama alilia, kisha akasema kama ana hasira zangu mfichieni mikasi.

Nilimwambia. Nilizunguka siku nzima natafuta maneno, nikaishia kusema: "Mama, hizi lebo zisiwe nzuri sana. Mteja anapenda za kawaida."

"Za kawaida ndizo zikoje?"

"Ziwe na mkia kidogo."

Mashine zote zikanyamaza. Mafundi wakainamisha vichwa kwa kuwa wanamjua, na kweli, mkasi ulipita hewani. "Mteja gani analipa ili ashonewe vibaya?" Nikababaika. Akanibana, unajua anavyobana, mpaka nikatapika yote: Kimya, Domo, Bwana Miwani, barua zako. Karakana ya pili ndiyo iliyomuumiza kuliko vyote. "Kwa hiyo wale watoto niliokuwa nawaombea hawapo?" Hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru.

Akaagiza maboksi yote yaliyokuwa tayari yafunguliwe. Akachukua mkasi mdogo akaanza kufumua lebo zake mwenyewe, fundo moja baada ya jingine, na mafundi wakavuta viti wakamsaidia bila kuambiwa. Bwana Miwani alipofika alikuta mabegi hayana lebo yoyote, si ya Kimya wala yetu. Mayatima. Akapiga kelele, mama akamwambia anamharibia hewa. Kaondoka, mabegi kayaacha yamejaa mpaka darini. Kasema atatushtaki. Atatushtaki aseme nini?

Mashine nimezifunika tena. Mama hanisemeshi, ananielekeza kwa kidole kama vile mimi ni kibarua wa jana. Na wewe, bila hiyo pua yako tungekuwa tunafanya kazi mpaka leo. Nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nina hasira na Domo, na Kimya, na waziri na meno yake. Na mimi mwenyewe, usidhani nimejisahau.

Mama ana swali kwako, kaniambia niliandike kama alivyolisema: ulipoulizwa kama unaujua mkono huu, ulijibu nini?

Dada yako


9 Desemba

Mama, shikamoo. Dada, shikamoo.

Mtoto anakua, anashika kidole hakiachii. Mke wangu karudi kaunta.

Habari mmezisikia. Wakubwa wamepatana. Domo na Kimya wamepeana mikono mbele ya kamera, wameitana marafiki wa siku nyingi, ushuru umefutwa. Mwenye nyumba wangu alikaa mbele ya redio yake hakupiga meza, na sikuwa na moyo wa kumtania. Kesho yake msimamizi akatwambia kitengo kimefungwa, hakuna tena cha kukagua. Akanishika mkono, akasema mimi ni mfanyakazi hodari. Mkataba hakuutaja, na mimi nikaona haya kumkumbusha. Nimevua fulana ya kazi, nimeikabidhi, nimetoka. Getini kontena za Kimya zinaingia na lebo zake mwenyewe, na walinzi wanazipungia mkono.

Miezi yote hii tumewindana! Mimi na dada tumetukanana, mama kafumua kazi ya mikono yake, mafundi wamerudi majumbani, halafu wao wanakumbatiana kama vile hakukuwa na kitu! Hata samahani hakuna wa kutuomba. Nina ngumi, sijui nimpige nani nayo.

Mama ameuliza. Nilijibu: "Siujui, bwana. Huo ni mkono wa mtu yeyote mwenye sindano." Msimamizi akaniangalia, akasema, "Una uhakika? Huu si wa mtu yeyote." Nikarudia kwamba siujui. Nilisema hivyo kuwaokoa, mama. Ningesema kweli wangefika mlangoni kwenu.

Kibali kinakwisha mwaka huu unapokwisha. Msiniambie nirudi. Nirudi na uso gani?

Mwanao. Mdogo wako.


11 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba, hiyo ni ya kwangu. Ya mama hajaitikia.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye "mtu yeyote mwenye sindano" akaniambia nirudie, nikarudia. Akasema, "Mmoja kanishonesha uongo, mwingine kaukana mkono wangu. Nimezaa watu wa namna gani?" Nikakutetea. Ndiyo, mimi! Nikasema alitaka kutuokoa. Akanijibu kwamba ungeweza kutuokoa kwa kunyamaza, wala hakuna aliyekutuma umwite yeye mtu yeyote.

Sasa sikiliza. Juzi Bwana Miwani karudi, safari hii bila miwani, mpole kama mgonjwa. Anasema kwa kuwa wakubwa wamepatana, yale mabegi mayatima yanaweza kwenda kwa Domo kwa jina la baba yao. Anataka lebo za Kimya zirudishwe, zile zile tulizokata. Mpya zitachelewa, shule za huko karibu zinafunguliwa, meli inasubiri. Yuko tayari kutulipa tushone alichotulipa tukate! Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, kisha hasira zikanipanda nikalia mbele yake.

"Ziko wapi?" akauliza. Nikamwangalia mama. Ule mto, mdogo wangu. Vile vipande laini nilivyokuandikia ndizo lebo zenyewe. Nyingi zilitupwa, lakini za kutosha mabegi haya zimo mle ndani, na mama kakaa juu yake tangu Aprili.

Ikabidi nimweleze. Nilijikinga uso, nikidhani mkasi unakuja tena. Mama akaupapasa mto, akajitikisa kidogo kama mtu anayejaribu kiti dukani, akasema, "Mwambie ni pazuri. Siutoi." Bwana Miwani akapandisha bei, akapandisha tena, akapiga magoti. Akampigia simu mtu wa Kimya, yule akampigia mtu wa Domo, jioni salamu za waziri zikafika. Wakubwa wote wale, na mikutano yao, na ushuru wao, wamekwama chini ya makalio ya mama yetu, na hakuna hata mmoja anayethubutu kumshika makwapani. Mimi mwenyewe hataki nimguse. Shangazi ndiye anayekuja kumnyanyua, na akinyanyuka mto anaubeba kifuani mpaka kitandani.

Kazi hii safari hii ni ya kweli, lebo ya Kimya kwenye begi la Kimya. Tukiifanya, mafundi wanarudi na mashine zinalia. Nimembembeleza, nimemwomba radhi nimepiga magoti mpaka yameuma kama yake. Jana usiku ndipo kaninyooshea kidole, si kwa kuniagiza kitu, kwa kusema na mimi. Kasema mto atautoa siku ile yule aliyeukana mkono wake atakapokuja kumnyanyua mwenyewe kwenye hiki kiti, mjukuu akiwepo aone. Si mapema zaidi. Bwana Miwani kasikia, na hivi ninavyoandika anatafuta tiketi zenu. Kachanganyikiwa, wacha atafute.

Kibali kimeshakwisha, na bado unauliza uje na uso gani. Njoo na huo huo, mwingine huna. Kasema utakaa kiti cha kando yake na utaanza na pembe ya mwisho, kwa sababu haamini tena kwamba unajua fundo linakaa wapi. Rula ameshaitoa.

Dada yako